Mbofyo Wakati wa King'ora

"Burgas mvua."

Maneno mawili tu, kisha simu ikakatwa.

Svilen Karadimov aliirudisha Nokia mfukoni na kutazama juu. Hapakuwa na wingu hata la dawa. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, tarehe mbili Juni, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati ya Gati la Pelikani, bandari ya Burgas.

Mvua maana yake mzigo umo ndani, na unatoka leo.

Mzigo wenyewe ulikuwa makombora arobaini ya kurushwa begani, yale ambayo mtu mmoja aliyejibanza kichakani anaweza kuangushia ndege ya abiria. Yaliingia kwa meli ndani ya kontena moja. Sasa yalisubiri lori liyapeleke kwa wageni fulani ambao Idara ya ujasusi, mwajiri wake, iliwajua kwa majina ya uongo tu. Kontena lipi? Uwanjani mlikuwa na makontena mia sita na kumi na manne. Ukianza kuyafungua moja moja, wenye mali watajua kabla hujafika la tano.

Lingejulikana kwa njia moja tu. Mtu angelibofyia kitufe cha kijani kwenye kompyuta ya chumba cha uelekezi, kizuizi cha lango kingeinuka chenyewe, na lori lingetoka.

Hivyo ndivyo lilivyotoka la mwaka jana, tarehe hiyo hiyo. Lilitoka, na hadi leo halijaonekana. Kilichobaki ni mstari mmoja kwenye kumbukumbu ya mashine. Mbofyo mmoja. Metodi Kurtev, mwelekezi wa zamu. 09:01.

Svilen ndiye aliyemkamata Metodi, na ndiye aliyemhoji.

"Saa tatu na dakika moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwenye kiti changu, nafanya kazi. Saa tatu ningekuwa wapi tena?"

"Na kipanya kilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu, kaka. Lakini hilo kontena sikulibofya."

Miaka kumi na miwili jela. Svilen alitia saini karatasi, akaenda zake kula.

Angekuwa amemsahau, kama si Nevyana. Nevyana ndiye fundi wa kompyuta wa Idara, mwanamke wa kutafuna mbegu za alizeti kutwa nzima na kutema maganda kwenye kikombe. Siku moja ya Machi alimwita Svilen chini kwenye karakana yake.

"Ukibofya kwa mkono," alimwambia, "mfumo wa kompyuta unaliambia dirisha: umebofywa hapa. Dirisha linatii. Sasa mimi nikiandika kiprogramu, kikauita mfumo ule ule kwa mlango wake wa ndani, kikatoa taarifa ile ile, dirisha litajuaje? Halina macho. Halioni mkono wa mtu."

"Na kumbukumbu itaandika nini?"

"Jina la mwenye kiti."

Svilen hakulala vizuri wiki ile. Kompyuta ya Metodi ilikuwa imeshatupwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kuchunguza. Alipompelekea Kanali Mandev habari hiyo, Kanali aliisikiliza huku anafunga kamba za viatu, kisha akauliza swali moja la akili. Kiprogramu kinaweza kubofya skrini ikiwa imefungwa?

Nevyana alikiri kwamba hakiwezi. Skrini ikifungwa, mbofyo wa uongo hauna pa kutua.

Kanali akasimama. Sheria ya Gati la Pelikani, alisema, ni kwamba mwelekezi hainuki kwenye kiti bila kufunga skrini. Anayesahau anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Akiwa amekaa, anaona kila kinachofunguka mbele yake. Akiinuka, skrini imefungwa. Nafasi ya huyo shetani wenu iko wapi?

"Basi ni mkono," alisema Kanali. "Mwanamke anayekalia kile kiti sasa hivi, akibofya, niletee. Na pingu."

Mwanamke huyo aliitwa Stoyna Gargova.

* * *

Kwa wiki tatu Svilen alikuwa fundi wa viyoyozi katika chumba cha Stoyna. Idara ilidhani imempa kazi nzuri ya kujificha. Haikujua inampeleka wapi.

"Fundi, mwanangu," Stoyna alimwambia siku ya kwanza, "hicho kitu ukikiwasha, kesho shingo yangu imegeuka ubao. Kitengeneze, lakini usikiwashe."

Basi akakitengeneza wiki tatu bila kukiwasha.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mjane, miwani mbili: moja puani, moja kichwani. Kila asubuhi alileta banitsa, mkate wa jibini, iliyofungwa kwenye taulo na kumkatia fundi kipande kikubwa kuliko chake. Alikuwa na binti aliyejifungua Aprili, na picha ya mjukuu ilibandikwa pembeni ya skrini kwa utepe. Alimtaja Metodi mara moja tu, kwa sauti ya chini. Alisema yule kijana hakuwa mwizi, na kwamba tangu wamchukue yeye Stoyna haendi hata kunywa maji bila kufunga skrini. Vidole viwili, tap, na skrini imekuwa nyeusi.

Hapo ndipo Svilen alipokwama. Nevyana alikuwa amempa programu ya kunasa mibofyo ya uongo, iliyofichwa ndani ya kiberiti cha plastiki chenye ncha ya kuchomeka kwenye kompyuta. Ili kuipanda alihitaji nusu dakika kwenye skrini iliyo wazi. Kwa wiki tatu hakupata nusu dakika hiyo. Jasusi wa miaka kumi na tisa kazini, bastola ya Makarov kwenye sanduku la vifaa, ameshindwa na vidole viwili vya bibi mmoja. Ilimuuma, na ilimfurahisha pia, kwa sababu alijua mtu mwovu hafungi mlango wake kwa bidii namna ile.

Akabaki na kifaa kimoja. Alichomeka kidude cha ukubwa wa ukucha nyuma ya kompyuta, na kwenye kiganja chake akaficha kipanya kisicho na waya, kidogo kama harage. Nevyana alimwelekeza hivi: mshale ukianza kutembea wenyewe kwenye skrini, usukume kando kwa kidole gumba. Mbofyo utaangukia pembeni.

"Na ukimjua aliyekipanda kile kiprogramu, usimshtue," aliongeza. "Akibonyeza simu yake mara moja tu, kiprogramu kinajifuta. Kikijifuta hatuna kitu. Tuna jina la mama wa watu tu."

* * *

Saa tatu kasoro dakika mbili.

Svilen alipanda ngazi, akafungua kiyoyozi, akasimama mahali anapoiona skrini. Redio ilikuwa kwenye kola ya ovaroli, kitufe chake kimeshonwa kwenye mshono wa suruali. Langoni, ndani ya Škoda ya kijivu, walikaa maafisa wawili wa Idara.

"Lango."

"Tupo."

"Tayari?"

"Tayari toka jana."

Saa tatu. Saa tatu na dakika moja. Stoyna alikuna sikio. Alibofya kontena la vigae, akabofya la mashine za kufulia. Mshale ulikwenda pale mkono wake ulipokwenda. Saa tatu na dakika tano. Saa tatu na nusu.

Hakuna kitu.

Saa nne Kanali alipiga simu. Alisema labda mvua hiyo ilikuwa manyunyu. Saa tano alipiga tena, akasema neno ambalo halifai kuandikwa. Svilen alikuwa amepanda na kushuka ngazi mara kumi na nne, na kiyoyozi kilikuwa hakina tena skrubu ya kufungua.

Saa sita kasoro dakika nne, mlango ukafunguka. Aliingia Ognyan Pashov.

Pashov alikuwa mtu wa kompyuta wa gati, mwembamba, shati jeupe, manukato ya kumtangulia mlangoni. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa na utani na kila mtu. Alisema amekuja kuitazama printa. Alimwambia Svilen kwamba kwa wiki tatu angekuwa ameshajenga friji zima. Kisha akamwekea Stoyna mezani ua moja la peoni, jekundu, kwenye chombo cha maji, kwa heshima ya siku.

"Wewe Ogi wewe," Stoyna alisema. "Mkeo anajua unagawa maua?"

"Anajua, Mama Stoyna. Ndiye aliyenituma nikupe wewe, asije akanipoteza kwa msichana."

Akacheka. Stoyna akacheka. Hata Svilen alitabasamu.

Kisha king'ora kikalia.

* * *

Mtu aliyekulia nchi hii hahitaji kufikiri. Tarehe mbili Juni, saa sita kamili mchana, king'ora kinalia nchi nzima kwa ajili ya waliokufa wakipigania uhuru, na kila mtu anasimama pale alipo. Magari yanazimwa barabarani. Mwenye kijiko mdomoni anakishusha. Dakika tatu, mikono chini, kimya. Umefundishwa ukiwa na miaka saba, na magoti yako yameshajua kazi hiyo kuliko kichwa.

Stoyna alisimama.

Alisimama papo hapo, akageukia dirisha, akainamisha kichwa. Mikono yake ilining'inia pembeni ya sketi. Skrini ilikuwa wazi nyuma yake.

Svilen naye alikuwa ameshashuka ngazi na kusimama wima, kidevu juu, kabla hajajua anafanya nini. Ni hapo tu alipoiona ile skrini inang'aa, haina mtu.

Nafasi ya shetani ilikuwa hii. Ilikuwepo siku zote, moja kwa mwaka. Nani angefunga skrini kwanza ndipo awasimamie wafu?

Aliuandaa mkono wake. Kipanya cha harage kilikuwa kiganjani, kimebanwa kwenye paja. Alikaza macho kwenye mshale. Mshale ulikuwa umetulia katikati ya skrini, pale Stoyna alipouacha.

Dakika ya kwanza ikapita.

Mshale haukusogea.

Dirisha la makontena likafunguka lenyewe.

Mshale bado haukusogea. Orodha ilijitembeza ikashuka. Mstari mmoja ukageuka bluu. Svilen alisukuma kwa gumba. Mshale wake ulikimbia huku na huku juu ya skrini, na haikusaidia lolote, kwa sababu kiprogramu hakikuutumia mshale. Kilikuwa kinapitisha taarifa moja kwa moja kwa dirisha: umebofywa, umebofywa. Nevyana alikuwa amemwandalia vita ya mlango wa mbele, na mgeni alipitia jikoni.

Likatokea dirisha dogo. *Ruhusu litoke? Ndiyo. Hapana.*

Alisukuma mshale kuelekea *Hapana*. Ulikuwa umebakiza upana wa kidole. *Ndiyo* ikabonyea yenyewe, ikainuka, na dirisha dogo likatoweka.

Kijani.

Hakuwahi kujiona bure namna ile. Alikuwa na silaha, redio, na kipanya kiganjani, na vyote vitatu havikuwa na maana.

Akabonyeza kitufe cha mshono. Midomo yake haikuchezacheza.

"Lango. Linatoka. Zuieni."

King'ora kilimeza sauti. Alibonyeza tena.

"Lango. Lango, mnanisikia?"

Aligeuza macho tu, bila kichwa, akatazama chini dirishani. Škoda ya kijivu ilikuwa pale pale. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Maafisa wawili wa Idara, watu waliofunzwa kuruka kutoka helikopta, walikuwa wamesimama nje ya gari, vifua mbele, mikono kwenye mishono ya suruali. Redio ilikuwa ndani, kwenye kiti.

Hakuweza hata kuwakasirikia, maana yeye mwenyewe alikuwa amesimama.

Kimbia, alijiambia. Ngazi arobaini, uwanja, lango. Alitaka kuinua mguu, na ndipo alipomwona Pashov.

Wakati wa king'ora watu hutazama chini, au dirishani, au popote tu. Pashov alikuwa anatazama skrini ya Stoyna, kwa jicho la pembeni, kama mtoto anayechungulia watu wakisali. Aliuona mstari wa kijani. Uso wake ukalegea kidogo. Kisha jicho lile likahama, likakutana na la Svilen.

Wote wawili walikuwa wamechungulia. Wote wawili walijua.

Hakuna aliyesogea. Mkono wa kulia wa Pashov ulining'inia karibu na mfuko wa suruali, na mfukoni lilionekana umbo la simu. Svilen akipiga hatua moja, mkono ule utaingia mfukoni. Bonyezo moja, na kiprogramu hakipo tena. Hata kontena likikamatwa, litakamatwa na jina la Stoyna, na Stoyna atakwenda alikokwenda Metodi. Svilen akikaa kimya, Pashov atasubiri. Naye hataki kuwa mtu pekee anayesogea chumbani saa ile. Kwa hiyo ilibidi Svilen asimame, atazame makombora arobaini yakiondoka, na amtumainie Mungu.

Chini, kizuizi cha lango kilikuwa kimeinuka.

Lori la njano, namba za kigeni, liliunguruma. Dereva alikuwa mgeni. Bila shaka aliambiwa asubiri king'ora kiishe. Lakini mwenzako akikwambia usubiri, na lango liko wazi mbele yako, na umekalia kitanzi cha shingo yako mwenyewe, unangoja nini? Likaondoka. Katika gati zima, katika Burgas nzima, hicho ndicho kilikuwa kitu pekee chenye magurudumu kinachotembea. Wapakuzi waliosimama uwanjani waligeuza macho wakalifuata.

Lilipita lango. Lilipita Škoda. Maafisa wawili waliliangalia likipita mbele ya pua zao, na mmoja akaanza kugeuza shingo taratibu, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Mita arobaini mbele, likasimama.

Barabara ilikuwa imejaa. Gari la mikate lilikuwa limezimwa katikati, dereva wake amesimama pembeni na aproni yake, kofia kifuani. Nyuma ya gari la mikate lilikuwepo basi, abiria wote wamesimama. Baada ya basi, teksi, kisha magari yasiyohesabika hadi kwenye mzunguko, na kando ya kila gari mtu wima.

Dereva wa lori alipiga honi.

Svilen aliisikia hata juu ya king'ora. Alipiga tena, ndefu, mkono haubanduki. Yule wa mikate hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, kofia kifuani, lakini shingo yake iliiva ikawa nyekundu, na hata kutoka ghorofa ya tatu ungejua mtu huyu anahesabu sekunde.

King'ora kikashuka, kikashuka, kikakata.

* * *

Pashov aliingiza mkono mfukoni.

Svilen alikuwa ameshafika. Aliukamata mkono ule ukiwa bado ndani ya kitambaa, akaukunja, simu ikaanguka kwenye zulia. Aliipiga teke chini ya kabati. Goti mgongoni, pingu, klik. Peoni ilianguka mezani na chombo chake, maji yakatiririka hadi kwenye banitsa.

"Fundi," Pashov alisema, shavu lake likiwa sakafuni, "umevunja mkono wangu."

"Haujavunjika. Ukivunjika utajua."

"Huna kitu. Aliyebofya ni yule mama. Soma kumbukumbu."

Svilen alinyoosha mkono bila kuinuka juu yake. Alichukua kiberiti cha plastiki, akakichomeka kwenye kompyuta iliyo wazi, na kumpigia Nevyana. Alisikia maganda ya mbegu yakitemwa, kisha vidole vikicheza kwenye kibodi upande wa pili.

"Kipo," Nevyana alisema. "Kimekaa hapa kinanitazama. Kimewekwa kwa nywila ya msimamizi. Wasimamizi wangapi hapo?"

"Mmoja. Nimemkalia."

Kule barabarani, yule wa mikate alikuwa ameshavaa kofia yake, ametembea bila haraka hadi kwenye lori, amefungua mlango na kumshusha dereva kwa kola. Alimzaba kibao kimoja. Alikuwa anajiandaa kwa cha pili maafisa wa Škoda walipowasili wakihema, na inasemekana hawakuharakisha kumzuia. Ndani ya kontena, nyuma ya mabeseni ya plastiki, yalikuwemo masanduku arobaini.

Stoyna alikuwa amerudi kwenye kiti chake.

Hakupiga kelele, hakuuliza fundi wa viyoyozi ana pingu za nini. Alikuwa ameushusha uso karibu na skrini, miwani zote mbili puani, moja juu ya nyingine. Mbele yake palikuwa na mstari wa kijani, na kando yake jina lake.

"Sikuligusa," alisema. "Mwanangu, nilikuwa nimesimama. Umeniona nimesimama?"

"Nimekuona, Mama Stoyna."

"Watasema nimeligusa. Tazama, wameandika."

Svilen akainama kutazama.

*Gargova Stoyna. Kontena limeruhusiwa. 09:01.*

Aliisoma mara mbili. Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na dakika sita mchana.

"Nevyana," alisema kwenye simu. "Hii mashine inaandika saa tatu."

"Ndiyo. Za bandari zote huandika saa ya Greenwich. Kiangazi sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kwani hukujua?"

Hakujua. Hakuuliza. Mwaka mzima faili lilikuwa mezani kwake: tarehe mbili Juni, 09:01. Kungekuwa na mgeni mezani pale angesamehewa. Lakini Svilen alizaliwa mji wa Sliven, humu humu nchini, amesimama kwa king'ora mara thelathini na tisa maishani mwake, na mtoto wa darasa la pili wa nchi hii angemwambia kwamba tarehe hiyo, saa sita na dakika moja, hakuna mkono uliokuwa juu ya kipanya. Yeye alimuuliza Metodi habari za saa tatu. Metodi alisema kweli kuhusu saa tatu, na kweli hiyo ikamfunga.

Alitaka kukaa. Viti vyote vilikuwa na mafaili.

* * *

Kanali Mandev alifurahi kwenye simu. Alisema waziri amepiga simu mwenyewe, na kwamba Svilen achukue wiki moja aende milimani. Kuhusu mama Gargova hakuna shida, kamera ya chumba, iliyofungwa mwaka huu tu, inamwonyesha amesimama kama mlingoti. Svilen akataja jina la Metodi.

Upande wa pili wa simu karatasi zilifunuliwa.

"Hilo ni la mahakama," Kanali alisema. "Andika barua. Jaji ana mafaili, halafu kuna likizo yao. Tuseme Oktoba."

"Hana kosa, Kanali. Atoke leo."

"Leo? Nani atamtoa leo, mimi? Una kauli yake, Karadimov. Wewe ndiye uliyeiandika. Mtu alikiri alikuwa kwenye kiti na kipanya mkononi. Oktoba, tukijaliwa."

Saa tisa alasiri Svilen alikuwa gereza la Burgas, chumba cha wageni, bado na ovaroli. Walimleta Metodi upande wa pili wa kioo. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, naye ana miaka thelathini na minne. Alimtambua Svilen mara moja. Alikaa, akainua simu ya ukutani, akasubiri. Hakuonekana kuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Svilen alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yalimtoroka.

"Haikuwa saa tatu," alisema. "Lile kontena. Lilibofywa saa sita mchana. Saa sita na dakika moja."

Vidole vya Metodi vilikuwa vimeshika waya wa simu, na taratibu vikaacha kuuchezea.

"Saa sita na dakika moja," alirudia. "Nilikuwa nimesimama."

"Najua."

"Hukuniuliza saa sita."

"Najua. Sikukuuliza."

Askari alipita nyuma, akatazama saa yake. Metodi hakuuliza atatoka lini, na Svilen hakuwa na ujasiri wa kutamka Oktoba. Alikuwa amewashinda wageni wenye makombora, na hakuwa na uwezo wa kufungua mlango mmoja wa chuma uliokuwa mita mbili mbele yake, mlango alioufunga kwa kalamu yake mwenyewe.

"Humu ndani king'ora kinasikika," Metodi alisema. "Leo pia nilisimama."

Kisha akairudisha simu kwenye ndoano yake, akaondoka na askari.

Svilen alitoka nje. Alivaa miwani ya jua, akafunga ovaroli kifungo cha juu, akavuka barabara bila kuangalia nyuma, hatua za kupima, mikono mifukoni. Muuza mbegu za alizeti aliyekuwa getini alimwona akipita, akamwambia mwenzake yule pale anaonekana mtu asiye na shida yoyote duniani.